Siku Mbuzi Walipolamba Chumvi Mivumoni

Mume wangu anaitwa Kalume Mwambire, na huko Nairobi kuna watu wanaotengeneza kitabu ambacho ndani yake ameshakuwa muongo. Nimelijua hilo Jumanne iliyopita, nikiwa uani nachambua mchicha hapa kwetu Ganda. Alikuja mgeni, msichana wa bara, jina lake Nyakio, mpole, viatu amevivua bila kuambiwa. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, nikampa kigoda. Akasema anakusanya kumbukumbu za watu waliofanya kazi katika lile shirika dogo la ndege la zamani, lile ambalo ndege zake zilipakwa mikia ya kijani na sisi tukaliita Mkia Kijani. Waliokuwa wakubwa wa shirika wamezeeka, wanataka kitabu kabla hawajafa wote.

Kalume akatoka ndani na fimbo yake, akaketi. Msichana akamuuliza kazi ilikuwaje enzi hizo. Kalume akasema ilikuwa nzuri. Msichana akashukuru, akagusagusa simu yake iliyokuwa ikinasa sauti, kisha akauliza la pili, na hilo ndilo lililonifanya niuweke mchicha chini. Alisema, kwa adabu kabisa, kwamba Bwana Thuku aliyekuwa meneja wa Malindi amemsimulia kisa cha kuchekesha: mlinzi wa uwanja wa Mivumoni aliwadanganya kwa redio kuwa uwanja ni salama, kumbe ameuacha ujae mbuzi, ndege ikashindwa kutua. Akauliza kama ni kweli. Kalume akasema ndiyo, mbuzi walikuwako. Kisha akanyamaza.

Huyo ndiye mume wangu. Ukimngojea amalize, utaota mvi.

Nikamwambia msichana asikizime hicho kisimu, akiache kisikie. Kisa cha kuchekesha! Mbuzi wale niliwapeleka mimi kwa mikono yangu miwili, na sikucheka. Kalume akitaka kunyamaza na anyamaze, mimi mdomo wangu bado mzima. Kama kitabu kitasema alidanganya, basi kiseme na haya.

Kalume ni mzaliwa wa hapa hapa Ganda. Baba yake alilima mihogo na korosho, naye angelima vivyo hivyo kama si kwamba alisoma kidogo na mikono yake ilikuwa mitulivu. Mkia Kijani walimchukua kubeba mizigo Malindi, wakaona havunji kitu wala haibi kitu, wakampeleka Mivumoni kulinda uwanja. Mivumoni ni ng'ambo ya mto Sabaki, kaskazini, kati ya mashamba ya chumvi na hoteli za Wataliano. Tulipewa nyumba ya matofali yenye vyumba viwili: kimoja cha redio, kimoja chetu. Nyevu, binti yetu, alijifunza kutembea kwenye ile nyasi ya uwanja.

Kazi yenyewe watu wanaidhania ni kukaa kivulini. Wee! Kila alfajiri, kabla ya chai, Kalume aliutembea uwanja wote mwanzo hadi mwisho, akitafuta mashimo ya ngiri na mawe. Alifyeka nyasi. Alishona ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unavuma kutoka wapi. Alifukuza mbuzi, maana amri kuu ya shirika ilikuwa mnyama asikanyage uwanja, na mbuzi wangu mwenyewe alishawapiga mawe mpaka tukanuniana. Na kulikuwa na mizani ya kupimia abiria. Ndege zile ndogo hazikutaka mchezo: mtu anapandishwa pale na mzigo wake kama gunia la nazi kavu. Wanawake walikataa kupimwa na mwanamume, basi nikawapima mimi, na baadaye hata wanaume, bila mshahara. Uzito wa mtu sikuutaja kwa sauti. Nilimwonyesha Kalume kwa vidole, yeye akaamua nani akae mbele na nani nyuma. Walikuja mabwana wakubwa wakubwa, wakashuka kwenye mizani wakinitazama nisiwaaibishe, na sikumwaibisha mtu.

Saa ya redio ilikuwa asubuhi. Malindi wanaita, Mivumoni tunajibu, ndipo ndege inaruhusiwa kuondoka. Kule Malindi redio ilishikwa na Zipporah, mwanamke wa Kaloleni, Mgiriama mwenzetu, anayejua watu. Zipporah akiita, kwanza habari za asubuhi. Njema. Za nyumbani? Njema. Uwanja? Njema. Mama Nyevu anaendeleaje na mguu? Na mvua huko, na kuku, na yule jirani yenu Karisa aliyeng'atwa na nyoka? Halafu anarudi: na uwanja, Kalume, uwanja hasa? Hapo sasa Kalume anasema, ah, uwanja, nyasi zimekuwa ndefu kidogo upande wa baharini, mwambieni rubani aguse mapema. Zipporah alichompelekea rubani ni hilo jibu la mwisho.

Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, nikamwambia Nyakio, maana hapa ndipo Bwana Thuku alipopotelea.

Kwetu mtu akikuuliza habari, jibu la kwanza ni njema. Umefiwa, njema. Nyumba imeungua, njema. Mkeo amekukimbia, njema pia. Huo si uongo. Humtupii mtu msiba mlangoni, jasho la njia bado linamtoka. Mwache akae, anywe maji, aulize tena, ndipo unamwambia: njema, ila. Na hiyo ila ndiyo habari yenyewe. Kaka yangu alipokuja kutuambia mama ametutoka, alisema njema za nyumbani, njema za watoto, akanywa kata nzima ya maji. Nikamuuliza tena, kaka, njema kweli? Ndipo akaniambia. Hakuna aliyesema kaka yangu ni muongo, wala mimi sikumngoja aseme bila kuulizwa. Kuuliza mara ya pili ni kazi ya anayeuliza.

Bwana Thuku alitoka Nairobi kuja kuwa meneja. Hakuwa mtu mbaya, nitampa haki yake. Tangu aje, mshahara ulifika kwa wakati. Nyevu alipougua malaria alimtumia dawa kwa ndege ya asubuhi na hakudai kitu. Lakini alikuwa mtu wa mbio, hata chai aliinywa amesimama. Siku moja akapita nyuma ya Zipporah, akasikia habari za mguu wangu na kuku na nyoka wa Karisa, akashika kichwa. Akatoa amri: redio si baraza, betri zinakwisha, kuanzia leo swali moja na jibu moja.

Zipporah alitii mbele yake. Bwana Thuku akitoka kidogo, Zipporah anaminya sauti anauliza mara ya pili. Mambo yakaenda hivyo miezi mingi. Ndege zilishuka vizuri, Bwana Thuku akaona amri yake inafanya kazi, akafurahi. Zipporah hakumwambia, na nani angemlaumu? Mkubwa akishafurahi, unamwacha na furaha yake.

Mwaka ule masika yalikuwa makali. Usiku mmoja mvua ilishuka bila kupumua, na alfajiri Kalume akatoka kuutembea uwanja kama kawaida yake. Alirudi na tope mpaka magotini. Nikamuuliza, akaniambia upande wa baharini maji yametuama chini ya nyasi, udongo umekuwa uji, ndege ikigusa pale itazama magurudumu na kupinduka. Na ubaya wenyewe, nyasi zilisimama juu ya maji. Mtu akitazama kutoka angani angeona kijani kizuri tu. Akanawa miguu, akaenda kukaa kwenye redio. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, kwa hiyo ninayoyasema niliyasikia.

Siku hiyo Zipporah hakuwako. Alikuwa amekwenda kwao Kaloleni matangani, na Bwana Thuku akaishika redio mwenyewe.

"Mivumoni, hapa Malindi. Uwanja?"

"Salama, bwana," Kalume akasema, akaachia kitufe.

Redio zile, ukiwa umebonyeza kitufe humsikii wa upande wa pili. Basi alikiachia ili aulizwe tena, kama alivyoulizwa miaka yote. Sauti ikarudi: sawa, ndege inatoka. Halafu kimya. Kalume akabonyeza, akasema bwana, ila maji yameingia, bwana, ngoja. Hakuna mtu. Akaita na kuita mpaka sauti ikakwaruza. Bwana Thuku alishainuka kwenda kusindikiza abiria, maana mmoja wao alikuwa mwenye hoteli kubwa ya pale karibu nasi, mtu aliyeilisha Mkia Kijani kwa wageni wake. Na redio yetu ilisikilizana na ofisi tu. Kwa ndege iliyo angani haikufika.

Nimemuuliza Kalume swali lile lile mpaka limechakaa: kwa nini hukusema si salama tangu mwanzo? Mdomo ulikuwa na nini? Ananiambia ulimi ulikwenda wenyewe. Wahenga wanasema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Mume wangu siku ile alijikwaa vyote viwili.

Kutoka Malindi hadi Mivumoni kwa ndege si mbali, ukiweka sufuria motoni maji hayajachemka imeshafika. Moshi haukuwezekana, kuni zote zilikuwa zimeloa. Kulikuwa na vitambaa vyeupe vya kutandaza msalaba uwanjani, alama ya kumwambia rubani asishuke, lakini vilioza zamani, na vipya tulikuwa tunaahidiwa kila mwezi. Kalume akasimama mlangoni, akautazama uwanja, akageuka.

"Fungua zizi," akaniambia. "Lete mbuzi wote."

Nikadhani amerukwa na akili. Huyu huyu aliyewavunja mbuzi wangu miguu kwa mawe! Lakini uso wake niliuona, nikaweka kikombe chini, nikakimbia. Nikamwita Karisa alete na mbuzi wake, akaja nao huku akinitukana. Mbuzi, sijui kama unawajua, hamtii mtu. Ukimtaka aondoke atakaa, ukimtaka akae ataondoka. Tuliwafikisha katikati ya uwanja wakaanza kutawanyika kurudi kwenye vichaka. Ndipo nikakumbuka chumvi. Kwetu pale chumvi haikuwa shida, mashamba yake yalikuwa jirani, na nilikuwa na gunia nililoliweka kwa ajili ya samaki. Nikaliburuta, nikalichana, nikaimwaga mstari mrefu juu ya nyasi. Lo, wakaja wenyewe! Wakainamisha vichwa wakalamba, bega kwa bega, kama watu kwenye sinia la pilau.

Ndege ikatokea upande wa Sabaki. Rubani alikuwa Japheth, kijana aliyezoea kututupia magazeti ya jana akipita. Akashuka kutua, akaona mbuzi, akainua pua ya ndege kwa kishindo. Mbuzi wakatimka, wakarudi kwenye chumvi. Mimi nilikuwa katikati yao napunga leso, Kalume amepandisha mikono juu ya kichwa ameipishanisha. Mara ya pili Japheth alipita chini sana, nikauona uso wake umekunjamana kwa hasira, na nyuma yake nyuso za abiria kwenye vioo. Niliogopa. Nilijua akiamua kujaribu nafasi iliyobaki wazi, ni ile ile ya maji. Akazunguka tena, akatutazama tena, akarudi zake Malindi.

Nikakaa chini kwenye tope nikalia. Mbuzi mmoja akaja akanilamba kiganja.

Ungedhani tungepewa asante. Jua la pwani unalijua, likitoka baada ya mvua halibembelezi. Bwana Thuku alipofika kwa gari, baada ya siku kadhaa, yale maji yalikuwa yamenyweka, udongo umekauka umepasuka. Alichokiona ni kinyesi cha mbuzi na alama nyeupe za chumvi. Japheth aliulizwa, akasema kweli yake, hakuona maji, aliona nyasi na mbuzi na watu wawili wanaopunga mikono. Mwenye hoteli alikosa mkutano wake, akasema wageni wake atawahamishia shirika jingine. Mla mbuzi hulipa ng'ombe, ndivyo wasemavyo, na sisi hata huyo mbuzi hatukumla.

Tukaitwa Malindi. Walimwita Kalume, lakini mimi nilisema siachwi. Nyevu alikuwa kidato cha pili katika shule ya misheni kule Kaloleni, mwalimu wake wa hesabu akituambia msichana huyu mpelekeni mbele msimkatize, na karo yake ilitoka kwenye mshahara ule na si kwingine. Nilikwenda kuulinda.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye feni. Bwana Thuku alikuwa nyuma ya meza, Zipporah kwenye kona na redio yake. Sisi tuliketi kwenye benchi. Kalume amevaa shati la kazi, amelipiga pasi yeye mwenyewe.

Bwana Thuku akamuuliza kama alisema uwanja ni salama. Kalume akasema alisema. Akamuuliza kama ulikuwa salama. Kalume akasema la.

"Basi uliniambia uongo."

"Sikukuambia uongo, bwana. Nilikuwa sijamaliza."

Zipporah akainuka. Akaeleza yote, habari ya swali la kwanza na swali la pili, na jinsi alivyokuwa akiuliza kwa kunong'ona kila Bwana Thuku akitoka. Alijitia hatarini, Mungu amweke. Bwana Thuku alimsikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake tena. Kisha akauliza: nikamwambie mwenye hoteli kwamba watu wangu wana majibu mawili, na la kwanza halina maana? Hatapanda ndege yetu tena, yeye wala mgeni wake. Nilimwona anafikiri. Alikuwa anatafuta mlango wa kutupitisha, na mlango aliouona ni mmoja.

Akamwambia Kalume kwamba mwenye hoteli yuko chumba cha pili, anakunywa kahawa. Aingie, amwambie uwanja ulikuwa mzuri, mbuzi walimponyoka, akaogopa kufukuzwa kazi ndiyo maana akadanganya. Aombe radhi, yaishe. Kesho arudi Mivumoni kwenye redio yake.

Kalume akatazama viganja vyake. Feni ikazunguka. Mimi nilimwona Nyevu na sanduku lake la bati na sare yake, nikamwambia kwa lugha yetu, polepole, "Sema, Baba Nyevu. Twende nyumbani."

"Siwezi," akasema.

Hasira iliyonipanda sijaipata tena. Maneno mawili matatu ya uongo, kwa mtu anayekunywa kahawa, na mwanangu anasoma! Nilimgeuzia mgongo pale pale kwenye benchi, nikatazama ukuta. Kulikuwa na kalenda yenye picha ya ndege juu ya mlima. Kalume hakuinuka upesi. Nilihisi ananitazama, nikamnyima uso. Bwana Thuku naye alingoja, hakumharakisha, na kwa mtu kama yule hiyo ilikuwa ajabu. Mwishowe nikasikia funguo za nyumba ya Mivumoni zinawekwa mezani. Bwana Thuku akasema pole, mzee, ingawa Kalume hakuwa mzee wakati huo.

Njiani nilitangulia, yeye akanifuata nyuma.

Ng'ombe avunjikapo guu hukimbilia zizini, nasi tukarudi hapa Ganda kwenye shamba la baba yake. Nyevu akatoka shule. Alikuja na sanduku lake, akaliweka pale ukumbini, hakuuliza kitu. Miaka miwili haikuisha akaolewa Takaungu. Ana watoto, ana afya, anakaanga viazi vya karai kando ya barabara, na hakuna mteja aliyewahi kumzidi ujanja kwenye chenji. Mwalimu wake hakukosea. Lakini angekuwa mwalimu yeye, au angekaa benki, na kila nikimwona na karai lake nilikuja nyumbani nikamgombeza baba yake. Nilimwambia, hilo jina lako safi, lete nilitie nazi tuone kama litaiva. Nilimwita mkaidi. Nilimwambia aliuza shule ya mtoto kwa neno moja. Alinisikiliza, akaenda zake kupalilia.

Mkia Kijani wenyewe hawakudumu. Waliweka mlinzi mwingine Mivumoni, kijana mwepesi wa kujibu, na baada ya miaka michache ndege zikauzwa. Uwanja sasa umeota miti ya miiba, mathenge, hupiti hata kwa panga. Zipporah alifariki, tulimzika Kaloleni. Japheth sijui. Na Bwana Thuku amekaa Nairobi, anasimulia kisa cha kuchekesha.

Hayo ndiyo niliyomwambia Nyakio. Aliyasikiliza bila kunikatiza, na nilipomaliza akasema ataandika kwamba kulikuwa na maji. Nikamwambia aandike na chumvi. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mtu amewahi kuniuliza, kwa sauti ndogo, maana Kalume alikuwa palepale.

"Bibi, wewe ulitaka aseme ule uongo?"

"Nilitaka," nikamwambia. "Hata leo nataka. Uongo ni uongo, najua. Lakini Nyevu angesoma."

Nilisema wazi, mbele yake, kama nilivyomwambia chumbani na shambani na jikoni. Kalume alikuwa amekiegemeza kidevu kwenye fimbo. Nikadhani amesinzia.

"Ningesema," akasema.

Tukamgeukia wote wawili.

"Siku ile ofisini. Nilikuambia siwezi, nikangoja." Hakupandisha sauti, hakuna lawama niliyoisikia ndani yake. "Ungeniambia mara ya pili, ningeinuka nikaenda kwa yule bwana nikasema yote aliyotaka. Nilikutazama. Ulikuwa umegeukia ukuta."

Msichana hakujua azime simu au aiache. Mimi, ambaye nina maneno siku zote, nilimtazama mtu niliyemwita mkaidi tangu siku Nyevu alipotoka shule, nikasogea nikaketi kando yake, nimemgeukia.